Mstari wa Mihogo Nyuma ya Bohari

Wiki mbili baada ya kustaafu nilirudi kwenye kituo chetu cha kilimo kuchukua viatu vyangu vya mpira, nikakuta ubao mpya kwenye lango. Mmeuandika vizuri, nyinyi mliobaki kazini, kwa rangi mbili, na chini ya picha ya muhogo mmeweka maneno haya: "Kijiti ni mtoto wa mmea." Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa ninaumwa. Halafu yeye mwenyewe, bila ubaya wowote, akanieleza kwamba mstari wa mihogo nyuma ya bohari utang'olewa mwezi ujao ili magari ya wageni yapate mahali pa kusimama. Nilisahau viatu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na hasira niliyotoka nayo pale langoni ninayo mpaka sasa ninapoandika.

Mliniomba kumbukumbu za kazi, nadhani mkitarajia habari za maua. Basi someni. Kijiti cha muhogo si mtoto wa mmea. Mbegu ndiyo mtoto: ina baba na mama, inaweza kufanana na shangazi au isifanane na mtu yeyote. Kijiti ni mmea wenyewe, uleule, umehama nyumba tu. Aliyenifundisha hivyo aliondolewa kazini kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mmoja wa waliolifanya kosa hilo ni mimi, na ule mstari mnaotaka kuung'oa ndiyo yote yaliyobaki ya kulirekebisha.

Nilianza kazi mwaka nchi ilipoanza kuitwa Zaïre. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mke wa mfanyakazi wa mgodini, mama wa watoto wawili, nimesoma kidogo kwa masista. Kituo kilikuwa palepale kilipo leo, kwenye njia ya kutoka Kolwezi kwenda Mutshatsha, na vumbi la mgodi lilikuwa lilelile. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha: asubuhi majani ya miche, ili rangi yake ionekane, na mchana makopo ya maziwa na ya mafuta tuliyopandia. Siku ya tatu nilikabidhiwa kwa Tata Mwepu, yaani Baba Mwepu, mkuu wa vijiti, mtu mfupi, mzaliwa wa Kabongo, Mprotestanti asiyegusa pombe, mwenye kisu cha kukunja alichokivaa shingoni kwa uzi. Hakuniuliza nimesoma mpaka wapi.

Alinipa vipande kumi vya shina la muhogo, kila kimoja shibiri moja na kidogo, akanionyesha tuta, akaenda zake. Nilivipanda vyote, nikajisifu moyoni. Baada ya wiki mbili aliniita tuvitazame. Saba vilikuwa vimechipua vizuri. Vitatu navyo vilichipua, lakini machipukizi yalikuwa yamejipinda chini kwa chini kulitafuta jua, membamba, ya kusikitisha. Nilikuwa nimevipanda kichwa chini. Kumbe Tata Mwepu alikuwa ameona siku ileile, na akanyamaza wiki mbili nzima. Nilimuuliza kwa nini hakunisahihisha. Alijibu kwamba angenisahihisha ningekumbuka sauti yake, naye alitaka nikumbuke macho ya muhogo. Macho ni yale matuta madogo kwenye shina, pale jani lilipokuwa limeshika, na lazima yatazame juu. Sikukosea tena. Nyinyi mwaka jana mlipanda tuta zima kichwa chini mkasema ni ukame.

Kwa Tata Mwepu nilijifunza mengine mengi, na sitayaandika yote kwa sababu hamtayasoma. Mgomba una machipukizi ya namna mbili. Yale yenye majani membamba, yaliyochongoka, ndiyo ya kuchukua, maana yamejishika vizuri kwenye tumbo la mama. Yale yenye majani mapana yanapendeza macho, na kila mgeni huyakimbilia, lakini ni dhaifu na hukawia kuzaa. Mchungwa tulikuwa tukichukua jicho lake moja na kulipachika kwenye ganda la mlimau mchanga, tukalifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kisu kilikuwa kinaoshwa kila baada ya mti mmoja. Nikisahau kukiosha, Tata Mwepu aliniondolea kisu siku nzima na kunirudisha kwenye makopo. Kwenye bougainvillea la ofisi ya mkubwa tuliinamisha tawi, tukalizika katikati, tukalingoja liote mizizi ndipo tukalitenga. Alisema mkulima mzuri ni yule anayeona kile ambacho mmea tayari unajua kukifanya peke yake, kisha anausaidia kidogo na kuondoa mikono.

Mambo yanayofanywa na mmea peke yake alinionyesha uani kwake. Alikuwa na ua moja la majani manene. Jani likianguka chini, kwenye kingo zake vinaota vimmea vidogo vyenye mizizi tayari, havimwombi mtu ruhusa. Alinionyesha pia ile nyasi kali yenye ncha, inayotembea chini ya udongo kwa shina lake. Hiyo nyasi ilitupa kicheko kimoja kikubwa. Mnajua wenyewe salongo ya miaka ile: Jumamosi kila mwananchi, karani au mwalimu, lazima atoke kufanya kazi ya umma. Jumamosi moja waliletwa watu sitini kwa lori kuimaliza nyasi ya kituo. Waliikatakata kwa majembe wakiimba, wakaiacha ardhini. Kila kipande kilikuwa na jicho lake. Mvua iliponyesha tulipata nyasi mara ishirini ya ile ya mwanzo, na ripoti iliyosema kazi imefanyika kwa bidii kubwa.

Sasa nifike kwenye muhogo. Muhogo una ugonjwa ambao wakubwa waliuita mosaïque, na sisi tuliuita majani ya kujikunja, kwa sababu jani linajikunja na kupata mabaka ya njano. Mmea haufi. Unasimama tu mwaka mzima, na ukiuchimba unakuta chini mizizi kama vidole vya mtoto. Kwa kuwa kijiti ni mmea wenyewe, ukikata kijiti kwenye mmea mgonjwa umepanda mgonjwa. Na shida ni hii: wakati wa kukata vijiti ni mwisho wa kiangazi, majani yameshapukutika, na shina tupu halisemi kitu. La mgonjwa na la mzima hufanana. Kwa hiyo Tata Mwepu alikuwa na utaratibu wake. Wakati wa mvua, majani yakiwa yamejaa, alipita mstari kwa mstari, jani kwa jani, na kila mmea uliokuwa safi aliufunga kamba ya mkonge shinani. Kiangazi kikifika, vijiti vilikatwa kwenye miti yenye kamba tu. Siku ya kwanza nilipompelekea kijiti kizuri kisichotoka kwenye kamba, alikivunja mbele yangu.

"Hii haiko mutoto yake, mama," aliniambia. "Ni yeye mwenyewe. Ukikata mugonjwa, unapanda bugonjwa."

Kulikuwa na utaratibu mwingine kituoni, na huo ulikuwa wetu sisi wanawake. Ijumaa jioni, kabla ya kwenda nyumbani, kila mfanyakazi aliruhusiwa kuchuma majani ya muhogo ya kupika sombe. Ilikuwa haki yetu, hakuna mkuu aliyethubutu kuigusa. Na hapa nataka mfikiri kama wanawake wanaotaka kupika, msifikiri kama watu wa ubao wa langoni. Nani anachuma jani la njano lililojikunja? Unachuma jani changa, laini, la kijani. Yaani unachuma kwenye miti mizima. Tata Mwepu alipokuwapo, Ijumaa alisimama mwenyewe mwanzo wa mstari, na miti yenye kamba hatukuigusa. Tulimnung'unikia kwamba anatulisha majani ya nyuma.

Mwaka wa sita wa kazi yangu alikuja mkuu mpya. Tulimwita Citoyen Chef, yaani Mwananchi Mkuu, na hapa nitamwita hivyohivyo. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka akipewa cheo huwa hatari kuliko mwizi. Aliambiwa huko juu kwamba vijiji vya upande wa Mutshatsha vinavuna muhogo kidogo, akaamua kuwapa wote vijiti vya kituo. Lakini hakutosheka kuwapa. Alitaka kwanza wang'oe mihogo yao ya zamani na kuichoma, ili shamba liwe jipya lote, la namna moja, lipendeze kwenye picha. Tata Mwepu alimwambia kwamba mtu hachomi muhogo wake kabla hajaona majani ya ule mpya. Alijibiwa kwamba hayo ni mawazo ya zamani.

Mwezi uleule Tata Mwepu alilazwa kwa ugonjwa wa henia, akakaa hospitalini na kisha kwao muda mrefu. Kabla hajaondoka alinikabidhi mafundo ya kamba za mkonge. Ilikuwa katikati ya mvua. Nilipita mistari yote peke yangu, siku nne, na nilifunga vizuri; hilo ninajivunia mpaka leo. Kisha ikafika Ijumaa.

Sitasema ni wenzangu. Mimi ndiye niliyeanza. Mtoto wangu mdogo alikuwa ametoka kuugua, hataki kula, na sombe ya majani magumu alikuwa akiitema. Nilichuma kwenye mti wenye kamba, majani manne, halafu kumi. Mama wengine waliona, wakafuata. Ijumaa ya pili hatukujificha tena. Tulichuma ncha zote za miti mizima, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka mvua ikaisha. Mti wa muhogo ukichumwa hivyo hudumaa na shina lake huwa jembamba. Na mistari ile ya kando ya barabara, iliyokuwa na ugonjwa zaidi, hakuna mkono ulioigusa. Ilirefuka, ikanenepa, ikasimama kama askari wa gwaride. Majani yalipopukutika, ugonjwa wake haukuonekana tena.

Siku ya kukata, Citoyen Chef alikuja na lori mbili za watu wa salongo. Alitazama miti yangu yenye kamba, imedumaa, imeota kipara. Akatazama ile ya barabarani. Nilimwambia kwamba desturi ni kukata penye kamba.

"Citoyenne, we hauone?" alisema. "Hii ya barabara njo iko nene. Kamba yenu ni mambo ya baganga. Bakate hii."

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa fupi: miti yenye kamba ni myembamba kwa sababu tumeila, na ile minene ni minene kwa sababu ni migonjwa. Lakini kulisema jibu hilo ilikuwa kusema kwamba nimechuma, na wenzangu wote walikuwa wamesimama nyuma yangu wakiangalia viatu vyao. Nilinyamaza. Makarani na walimu walikata wakiimba, wakafunga mafurushi kwa kamba zetu zilizobaki, na jioni mafurushi yakapakiwa kwenye treni ya Mutshatsha. Nilikwenda nyumbani nikapika. Sikumbuki nilipika nini, ila nakumbuka mtoto alikula vizuri, na kwamba nilitaka kumpiga kwa kula vizuri.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mvua ilipokuwa imekolea, Tata Mwepu alirudi kazini, anatembea polepole, mkono ubavuni. Siku aliyorudi alipita peke yake kwenye mistari, akarudi ofisini bila kusema. Juma lililofuata mimi na yeye tulitumwa Mutshatsha kuandika jinsi vijiti vilivyoshika. Kutoka kituo cha treni tulitembea mpaka shamba la kwanza, na hapakuwa na haja ya kufika la pili. Kila jani lilikuwa limejikunja. Shamba zima lilikuwa na rangi ya njano iliyochoka, na huku nyuma, kwenye ukingo, palikuwa na mduara mweusi wa majivu, mahali mihogo ya zamani ilipochomewa.

Mwenye shamba aliitwa Mama Mujinga, jina la kwao, si tusi, mjane, ananizidi umri kwa miaka kumi hivi, anauza makaa na muhogo mkavu pale stesheni. Aliinuka kutoka kwenye palizi, akafuta mikono, akatusalimu kwa heshima yote, akatupa kiti kimoja na kinu kilichopinduliwa tukalie. Ndipo akasema.

"Mi sikuombaka muti. Nilikuwa na Kaseya yangu, ya nkambo. Mukasema: tosha mu udongo, choma, tutakuletea ya muzuri. Nikatosha, nikachoma. Sasa sema, mama, batoto bangu batakula nini mwaka huu?"

Kaseya lilikuwa jina la bibi yake. Huko watu huupa muhogo jina la mwanamke aliyekuja nao, na Kaseya alikuja na ule muhogo wa shina jekundu alipoolewa, akiwa ameubeba kichwani. Fikirini hilo, nyinyi wa ubao wa langoni. Muhogo ule haukupandwa kwa mbegu hata mara moja. Ulikatwa, ukapandwa, ukakatwa, ukapandwa. Shina alilochoma Mama Mujinga lilikuwa shina lilelile alilobeba bibi yake. Ukimaliza kulichoma lote, hakuna ukoo wake wa kuuendea ukaomba mwingine. Tulikuwa tumemfanya mwanamke amchome bibi yake kwa mikono yake mwenyewe, kisha tukamwachia wagonjwa wetu. Nilikasirika pale shambani, na nilichokasirikia zaidi ni lile jiko langu la Ijumaa.

Kikao kiliitishwa Kolwezi. Citoyen Chef alisimama na karatasi, akasema vijiti vilichaguliwa vibaya, na mkuu wa vijiti ni Tata Mwepu, kwa hiyo kosa ni lake. Tata Mwepu alisema alikuwa hospitalini. Citoyen Chef aliuliza kama kamba zilifungwa. Mimi niliulizwa, kwa kuwa ndiye niliyefunga. Nilisema ndiyo, zilifungwa, zote. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza neno la pili, kama vijiti vilikatwa penye kamba, nami sikulitoa. Waliandika kwamba utaratibu wa kamba ndio ulioshindwa, na mwenye utaratibu akapewa barua ya kwenda nyumbani. Miaka yake yote pale, na hakupewa hata chupa ya limonadi ya kuagana. Citoyen Chef alihamishwa mwaka uliofuata, kwenda mahali pakubwa zaidi.

Nilimfuata Tata Mwepu mpaka nje ya lango. Nilitaka kumwambia yote, nikaanza na machozi, na machozi yakachukua nafasi ya maneno, jambo ambalo nimelidharau kwa kila mtu tangu siku ile. Aliningoja nimalize. Akavua kile kisu shingoni, akanipa.

"Kasirika, lakini usikae bule," alisema. "Muti ya muhogo inatembeaka. Enda kwa ule mama, uliza Kaseya alipatiaka nani."

Alikuwa anazungumzia desturi ambayo nilikuwa nimekua nayo bila kuifikiri. Kijiti cha muhogo hakiuzwi, na hakinyimwi mtu. Mwenzio akija kuomba, hata kama jana mlitukanana kisimani, unamkatia furushi, anaondoka. Siku yako ikifika ya kukosa, utajua mahali pa kwenda. Kwa hiyo muhogo unaopendwa haukai shamba moja. Nilirudi Mutshatsha siku ya mapumziko yangu. Mama Mujinga hakunipa kiti safari hii, lakini alijibu. Alihesabu kwa vidole: majirani wote waliopewa Kaseya walikuwa wameng'oa na kuchoma kama yeye, maana waliambiwa pamoja. Akabaki na kidole cha mwisho. Mdogo wa mama yake aliolewa na mtu wa reli huko Dilolo, na miaka mingi nyuma alibeba furushi. Kama yuko hai. Kama shamba liko.

Nilingoja mvua ya mwaka uliofuata, kwa sababu nisingechukua kijiti nisichokijua majani yake, hata cha Kaseya. Nilipanda treni ya Dilolo kwa likizo yangu. Nyumba za reli nilizikuta, na mwanamke mzee nilimkuta, anasikia kwa sikio moja. Nyuma ya jiko lake, kati ya ukuta na choo, palikuwa na miti mitano ya muhogo wa shina jekundu. Alikuwa ameacha kulima, akabakisha hiyo kwa ajili ya sombe tu. Nilikagua jani kwa jani. Mti mmoja ulikuwa na baka la njano, nikauacha. Minne ilikuwa safi. Nilifunga kamba kwenye minne ile, nikamweleza mzee kwa sauti kubwa kwamba asichume majani yake mpaka nirudi. Aliuliza ni nani anayetaka. Nilipotaja jina la Mujinga alisema basi mbona unaomba, hii ni yao. Mwisho wa kiangazi nilirudi, nikakata kwa kisu cha Tata Mwepu, nikakiosha baada ya kila mti.

Nilimfikishia Mama Mujinga furushi hilo asubuhi. Alilifungua chini, akachukua kijiti kimoja, akakwaruza ganda kwa ukucha, akatazama wekundu, akatazama maziwa yakitoka.

"Njo Kaseya," alisema.

Hakunishukuru, na alifanya vizuri. Muda wote ule wanawe walikuwa wamekula bukari, yaani ugali, ya kuomba. Nilimwambia pale pale habari za Ijumaa, zote, kuanzia majani manne. Alisikiliza huku akigawa furushi sehemu mbili. Sehemu moja aliiweka upande wake. Nyingine aliisukuma kwangu.

"Hii mupande ku kazi yenu, siku ingine bakituambia tuchome," alisema. "Na mikono yenu isiguse majani."

Kutoka Mutshatsha nilikwenda moja kwa moja kwa Tata Mwepu, nikamwambia naye. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, niliitaka. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakuacha kuchonga. Alisema aliona siku ileile aliyorudi kutoka hospitalini: miti yenye kamba imedumaa, visiki vya ile ya barabarani ni vinene, ilikuwa imeandikwa pale kwa herufi kubwa. Hilo hakulisema kwenye kikao, akingoja niseme mwenyewe. Nilikumbuka vile vijiti vitatu vilivyopandwa kichwa chini, na nilimkasirikia yeye pia, kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Wiki mbili kwa vijiti ni sawa. Kwa kazi ya mtu, na kwa jina lake, angepaswa kupiga kelele. Alikufa miaka mitatu baadaye, na barua ile haijafutwa kwenye faili mpaka leo. Niliandika kukiri kwangu mara mbili kwa wakuu wawili, na wote wawili waliniambia mambo ya zamani tuyaache.

Nusu ya furushi ndiyo ule mstari nyuma ya bohari. Nimeukata na kuupanda upya kila baada ya mwaka na nusu mpaka nilipostaafu. Upande wa Mutshatsha sasa Kaseya iko kwenye mashamba zaidi ya ninayoyajua, kwa mkono wa Mama Mujinga, si kwa mkono wetu. Lakini aliomba mstari mmoja ubaki kwetu, kwa siku ambayo mkuu mwingine mwenye haraka atatoka na wazo. Siku hiyo imefika, ila safari hii wazo ni magari.

Sina cheo cha kuwakataza. Kwa hiyo nimefanya ninachokijua. Nimepita mstari wote nikiangalia majani, mlinzi shahidi. Kiangazi hiki, kabla hamjaung'oa, nitakata furushi langu na kulisimamisha kivulini nyumbani, macho juu. Ng'oeni mkitaka, pakeni lami. Lakini mwaka ule mihogo yenu ya kituo itakapojikunja yote kwa pamoja, na mkuu wenu atakapotaka kujua mmepeleka nini mashambani kwa watu, mtakumbuka nyumba yangu. Mtakuja na ubao wenu. Nami nitainuka, na hasira yangu yote, nitawakatia furushi, kwa sababu kijiti cha muhogo hakinyimwi mtu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.